Mgeni wa Kilwa Analala Wapi?

Kila meli ya kitalii inapotia nanga Kilwa, mjadala ni uleule. Wapo wanaosema wakati umefika wa kuita wawekezaji wakubwa, wajenge hoteli za maana ufukweni na meli ziongezeke. Wenye gesti za vyumba vichache, manahodha wa mashua, mama lishe na vijana wanaotembeza wageni wanauliza: sawa, na sisi tumo wapi? Kwa kuuliza hivyo wanaitwa wapinga maendeleo. Nadhani wanaonewa.

Hoja ya wanaotaka ukubwa ina uzito wake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ilichukua miaka kumi ya ukarabati hadi yakatolewa humo 2014. Kuta za mawe na chokaa zinazopigwa na chumvi kila siku hazitunzwi kwa maneno, na viingilio vya meli moja vinaletwa na watu wengi kwa mkupuo. Tena meli haihitaji barabara. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, hakuna gesti iliyoweza kumvusha mgeni pale Somanga. Mwekezaji mwenye mtaji mkubwa anaweza kuvumilia msimu mbaya kama ule. Mwenye vyumba vinne hawezi.

Lakini mtu wa meli analala melini na anakula melini. Anashuka asubuhi, anazungushwa Msikiti Mkuu na ngome kongwe iitwayo Gereza, anapiga picha, na jioni meli inang'oa nanga. Alicholipa kwa safari yake alikilipa kwao kabla hajaondoka.

Mfuate sasa yule aliyekuja kwa basi. Anashukia njia panda ya Nangurukuru, anapanda bajaji hadi mjini Kilwa Masoko. Anachukua chumba. Jioni anataka samaki, na samaki huyo ametoka kwa mvuvi, akapitia kwa mchuuzi, akapikwa kwa nazi na mkaa wa watu wengine wawili. Asubuhi anakunywa chai na vitumbua, kisha anamtafuta nahodha wa kumvusha Kisiwani. Fedha yake imeshapita mikono mingi kabla hajayaona magofu yenyewe. Na kama anataka Songo Mnara, hilo ni jambo la siku nzima, maana mashua inafuata maji: yakitoka, mgeni anashuka kwenye mikoko na kutembea kwenye tope. Hakuna namna ya kuviona visiwa vyote viwili kwa utulivu bila kulala Kilwa siku mbili. Jiografia yenyewe inatutaka tumlaze mgeni, nasi tunashangilia wanaoondoka jioni.

Hili linanigusa zaidi ninapofikiria nani anapata nini. Ufuta una msimu wake na korosho ina msimu wake, na fedha ya minada inamfikia mwenye shamba. Mwanamke anayekaanga pweza stendi hana ekari hata moja. Mteja wake ni mtu aliyelala mjini.

Wadogo nao wana ya kurekebisha. Mgeni hawezi kurudi kwenye chumba chenye neti iliyotoboka na bomba lisilotoa maji. Bei ya mashua inayobadilika kwa kumtazama mtu usoni inamfukuza hata mwenye fedha. Ila haya ni mambo ya mafunzo na bei kubandikwa ukutani. Pale Mikindani, karibu na Mtwara, boma la Wajerumani lililojengwa 1895 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Trade Aid la Uingereza, likawa hoteli ndogo iliyofundisha vijana wa hapohapo kazi. Halikuhitajika jengo la ghorofa kumi.

Meli zije, simwambii mtu azifukuze. Zije kwa masharti: wageni wavushwe na mashua za Masoko, na wapate angalau mlo mmoja nchi kavu. Hoteli kubwa ikijengwa, mkataba useme itanunua samaki kwa nani. Bandari ya uvuvi iliyowekewa jiwe la msingi 2023 italeta samaki wengi Masoko, na itakuwa ajabu hoteli ya hapo ikaagiza wake Dar es Salaam.

Na taarifa za utalii zinazosomwa kwenye vikao ziache kuishia kwenye idadi ya waliofika. Kila gesti ina daftari la wageni, lenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Halmashauri iyapitie kila mwezi, ijumlishe siku walizolala, na idadi hiyo isomwe mbele ya madiwani kabla mwekezaji yeyote hajapewa kiwanja cha ufukweni.