Seva Imewaka, Mlango Umefungwa

Kusakinisha PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, kwenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ni amri moja tu, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Juzi, katika duka la vipuri huku Mwembe Tayari, Mombasa, nilikoitwa kuweka hifadhidata ya bidhaa, seva iliwaka upesi, kisha ikanikatalia kuingia kwa jina la postgres, yaani msimamizi mkuu wa hifadhidata, ingawa mimi ndiye niliyeisakinisha. Kwa kawaida yake, haimwulizi nenosiri anayeingia hivyo kutoka mashine hiyohiyo, bali hutazama kama jina lake la mtumiaji katika Linux linalingana na lile la hifadhidata. Ujumbe wa kosa, hata hivyo, haukuambii kwamba dawa ni kutanguliza sudo -u postgres, yaani kuendesha amri kama mtumiaji postgres.

Nilipovuka kizingiti hicho, kompyuta ya kaunta nayo ikashindwa kuunganika, kwa kuwa seva husikiliza localhost pekee, yaani mashine yake yenyewe, kwenye lango 5432, mpaka ubadilishe mpangilio wa listen_addresses katika faili moja, uruhusu anwani za mtandao katika faili nyingine iitwayo pg_hba.conf, kisha uiwashe upya. Ulinzi huo naukubali kabisa, kinachoniudhi ni kuufumbua kama kitendawili, katika joto la Machi, huku mwenye duka akiuliza kila baada ya dakika tano, "Fundi, bado tu?"