Anoreksia yenye kilo 65

Binti ana urefu wa sentimita 160. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 90. Wa sita, kilo 65. Hedhi imekata, kitana kinajaa nywele kila asubuhi, na akisimama ghafla kizunguzungu kinamkalisha chini. Shangazi zake wanamwambia amependeza.

Akifika kwa mwanasaikolojia anayefuata DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, hataandikiwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda vibaya. Woga wa kunenepa anao, kujinyima anajinyima, ila uzito wake haujawa mdogo vya kutosha. Anatiwa kwenye fungu la "mengineyo", kwa jina la anoreksia isiyo ya kawaida. Jina hilo linanisumbua. Mwili uliopoteza kilo 25 kwa kasi hiyo unaumia kwa njaa, hata kama machoni pa watu bado ni mnene.

Wanaotetea mipaka kati ya magonjwa haya wana sababu. Uzito mdogo mno unaua, na tiba nyingi zimejaribiwa kwa waliokonda. Ukiwachanganya wagonjwa wote, hutajua tiba ipi imemfaa nani.

Lakini mipaka yenyewe haitulii. Kabla ya 2013, mwanamke alitakiwa awe amekosa hedhi mara tatu mfululizo ndipo ahesabiwe ana anoreksia. Sharti hilo limefutwa. Bulimia, ugonjwa mwingine wa ulaji, ilidai kula kwa pupa na kujitapisha mara mbili kwa wiki. Sasa mara moja yatosha. Tena wagonjwa huhama: aliyeanza kwa kujinyima anaweza kuishia kujitapisha, ugonjwa ukabadili jina ilhali hofu ni ile ile. Ndiyo maana mwaka 2003 daktari wa akili Christopher Fairburn na wenzake wa Oxford walitaka tutazame kinachoyaunganisha matatizo haya: mtu kupima thamani yake kwa umbo na uzito. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ingawa hawakumgusa kila mtu. Huko Hong Kong, daktari wa akili Sing Lee alieleza wagonjwa waliokonda vibaya bila kuogopa unene. Walilalamikia tumbo kujaa.

ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, umefungua mlango: kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito ndani ya miezi 6 kunaweza kushika nafasi ya uzito mdogo, masharti mengine yakitimia. Binti yetu amepoteza karibu asilimia 28. Hapo angeandikiwa anoreksia siku hiyo hiyo, na kilo zake 65.