Mboji Isizidi Theluthi ya Mfuko

Anayelima nyanya au hoho kwenye mifuko hapa Dodoma hana haja ya kuagiza makumbi ya nazi ya kujazia kutoka Pwani, wakati maganda ya karanga yanachomwa moto Kongwa na makapi ya zabibu yanatupwa, navyo huoza vikawa mboji. Ila wanaoshauri mfuko ujazwe mboji tupu wanawaumiza wakulima.

Tatizo ni chumvi. Samadi ya mbuzi inayotiwa kwenye mboji imelowa mkojo zizini msimu mzima wa kiangazi bila mvua ya kuisuuza, na visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Mche uliopandwa kwenye mboji tupu hunyauka saa sita ilhali ukiishika mboji unaona ina unyevu. Ncha za majani zinaungua. Mkulima anadhani ni njaa, anaongeza mbolea, ndipo anaumaliza kabisa.

Tengeneza mboji hivi: ndoo 3 za maganda ya karanga yaliyopondwa kwa ndoo 1 ya samadi, lundo lisipungue mita 1 kila upande, maana dogo halishiki joto. Lifike nyuzi 55 kwa siku 3 au zaidi, na uligeuze kila wiki ili ya nje yaingie ndani. Upepo wa hapa hulikausha upesi, kwa hiyo lifunike turubai. Ukikamua konzi moja yatoke matone mawili matatu tu. Baada ya miezi 3 au 4, geuza tena. Likipata joto tena, bado halijaiva. Mboji changa humnyima mmea naitrojeni, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha maganda huitumia kwanza, na majani ya chini huwa ya njano. Makapi ya zabibu yanataka subira zaidi: mbegu zake ni ngumu, na mabichi ni machachu.

Ikiiva, itie kwenye ndoo iliyotobolewa, pitisha maji mara mbili ya ujazo wake. Kisha changanya ndoo 3 za mboji, 4 za maganda ya mpunga yaliyounguzwa yakawa meusi (yasifike majivu, majivu yana magadi) na 3 za mchanga mnene wa korongo uliooshwa. Otesha mbegu 10 za mchicha humo na 10 kwenye mchanga mtupu. Za mchanganyiko zikiota chache, suuza upya.

Mche mmoja upewe lita 10 za mchanganyiko huo. Matunda yakianza kushika mboji peke yake haitoshi. Weka gramu 1 ya mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) inayoyeyuka kwa kila lita ya maji. Mwagilia mpaka kiasi kidogo kitoke chini, na maji hayo usiyarudishe kwenye mifuko: yamebeba chumvi ileile uliyotaka kuiondoa.