Sinema ya Kitaliano iletwe Malindi, na maandishi ya Kiswahili

Mimi ni mtoto wa Malindi, na Kitaliano nilianza kukisikia kabla sijajua Italia iko wapi kwenye ramani. Huku kwetu unakulia nacho tu, ciao, quanto costa, domani, piano piano, na ukifika darasa la tano ushajua kuhesabu mpaka mia maana wikendi unamsaidia mjomba kuuza vinyago karibu na bichi. Mjomba wangu huyo mpaka leo anakiongea kama maji, anabishana bei, anamuelekeza mtu mpaka Watamu, anampoza Mtaliano aliyekasirika, lakini kukiandika hawezi na darasa la lugha hajawahi kukaa hata siku moja. Wako wengi kama yeye, wenye tuktuk, wapishi wa mahoteli, kina mama wa usafi, wauza madafu.

Sasa mimi nasema hivi, lugha ya Kitaliano ikisherehekewa hapa Kenya hawa ndio wa kwanza kualikwa.

Maana inasherehekewa kweli. Kila mwezi wa kumi kuna Wiki ya Lugha ya Kitaliano Duniani, ilianza 2001, walioianzisha ni Accademia della Crusca ya kule Firenze, taasisi ya lugha iliyoko tangu miaka ya 1580, wakishirikiana na wizara ya mambo ya nje ya Italia. Kila mwaka ina mada yake, 2021 ilikuwa Dante, yule mshairi wao mkubwa, kwa sababu miaka 700 ilikuwa inatimia tangu afariki. Balozi na vituo vya utamaduni vya Italia, ambavyo ni zaidi ya 80 duniani na kimoja kiko Nairobi, vinaonyesha filamu, vinatundika picha, vinaita waandishi. Alafu toka 2018 kuna na Fare Cinema, hiyo ni ya mambo ya sinema.

Mimi mambo haya niliyajua nikiwa Nairobi kikazi. Rafiki alinivuta jioni moja tukaingia ukumbi fulani, filamu ya bure, haina rangi, Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, ya Vittorio De Sica, ya 1948. Nilikuwa nimechoka nikajua hapa nitalala. Antonio ni mtu wa Roma, vita vya pili vya dunia vimeisha, kazi hakuna, anapata ya kubandika mabango lakini lazima awe na baiskeli na yake iko rehani, mkewe anavua mashuka ya kitandani anaenda kuyaweka rehani ili baiskeli itoke, na siku ya kwanza tu ya kazi inaibwa. Basi, filamu nzima ni baba na mtoto wake mdogo, Bruno, wanazunguka mji kuitafuta. Na babangu mimi alikuwa bodaboda wa baiskeli, zile za kubebea watu kabla pikipiki hazijajaa, kwa hiyo najua nyumba inavyonyamaza baiskeli ikivunjika hata bila ya kuibwa, unamuona mama anafungua sanduku anaangalia ni leso gani bado mpya ya kuuza. Kuna pahali Antonio anampiga Bruno kofi kwa hasira za mambo mengine kabisa, alafu baadaye anaona aibu, anampeleka hotelini wakale na hela yenyewe ndio hiyo ya mwisho mwisho. Hapo machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Nimewaona Wataliano maisha yangu yote na sikuwahi kumuona Mtaliano maskini. Kwetu sisi Mtaliano ni nyumba yenye swimming, ni tipu, ni mwenye hoteli. Hata yule aliyecheza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa muigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mjomba anajua Kitaliano chote cha bei lakini hajui Mtaliano anamwambia nini mtoto wake akiwa mfukoni hana kitu, na hilo huwezi kulisikia pale kwenye vinyago hata ukae miaka thelathini.

Kuna watu huniambia filamu na maonyesho ni starehe tu, lugha ni darasani. Sikubali, na historia ya Kitaliano chenyewe iko upande wangu. Italia ilipoungana 1861, kwa makadirio ya mwanaisimu Tullio De Mauro, waliokuwa wanajua Kitaliano hawakufika hata watatu kwa kila mia, waliobaki kila mmoja na lugha ya kwao nyumbani. Shule ilisaidia, jeshi lilisaidia, watu kuhamia mijini pia, lakini RAI, shirika la utangazaji la Italia, ilipoanza kurusha televisheni 1954 watu walijazana kwenye mabaa na kwa majirani wenye seti, na toka 1960 mpaka 1968 mwalimu Alberto Manzi alikuwa anafundisha watu wazima kusoma na kuandika humo humo kwenye TV, kipindi kikiitwa Non è mai troppo tardi, yaani hujachelewa bado. Wazee wa vijijini kule walikaa mbele ya kioo wakajifunza. Kwa nini mjomba wangu asikae?

Ila sabtaito, yale maandishi ya chini ya filamu, ziwe za Kiswahili. Hili nalisema kwa uchungu maana ile jioni zilikuwa za Kiingereza, mimi zilinifaa, lakini mamangu zisingemfaa. Filamu ya saa moja na nusu kuifasiri si mzigo, na hapa Malindi wapo vijana wanaozijua lugha zote mbili, walipwe waifanye. Skrini tunaweza kuifunga kiwanjani, mbona mpira tunaangalia.

Na maonyesho vilevile tusiende mbali. Hapo Ngomeni kuna zile minara baharini za San Marco, kituo cha Wataliano cha kurushia satelaiti, kazi ya profesa Luigi Broglio na wenzake, mwezi wa nne 1967 waliirusha satelaiti San Marco 2 kutoka hapo, na tarehe 12 Disemba 1970, Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, wakairusha ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, ikapewa jina Uhuru. Neno letu liko kwenye vitabu vya sayansi dunia nzima na lilitokea hapa! Nimekaa na mzee mmoja aliyefanya kazi kule ujanani, ana picha zake kwenye bahasha ya kaki, yeye kijana amesimama na Wataliano wawili wote wanacheka, na anakumbuka mpaka nyimbo walizokuwa wakiimba jikoni. Picha kama hizo zikitundikwa, maelezo chini kwa Kiswahili na Kitaliano, mzee mwenyewe akae pale pembeni aulizwe, watoto wa shule watajaa. Hata lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na mateka wa vita wa Kitaliano 1942, magari yanalipita kila siku na wengi hawajui ni la nani.

Nilimsimulia mamangu ile filamu kwa simu usiku uleule, yuko jikoni nasikia mwiko unagonga sufuria. Nilipofika kwa mashuka akanyamaza. Nilipofika kwa Bruno kupigwa kofi akasema, "Maskini mwanangu." Alafu akaniuliza, sasa baiskeli waliipata? Nikamwambia mama ngoja, hiyo utakuja kuiona mwenyewe, na mpaka leo kila nikienda nyumbani ananiuliza.