Biodizeli na moshi wa malori ya nyanda za juu

Wanaopinga kuchanganya biodizeli katika dizeli ya malori hushika hoja mbili: kwamba mafuta ya mimea huharibu nozeli, vitundu vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini, na kwamba huongeza oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha mapafu. Ya kwanza inahusu mafuta mabichi ya alizeti, ambayo ni mazito mno kupita kwenye nozeli; biodizeli ni mafuta yaliyokwisha kutiwa methanoli na kostiki soda hadi gliserini ikajitenga, kwa hiyo wepesi wake unakaribia ule wa dizeli.

Hoja ya pili ni ya kweli, ila tuutazame ukubwa wake. Mwaka 2002 Mamlaka ya Mazingira ya Marekani (EPA) ilijumlisha vipimo vya injini za magari makubwa: mchanganyiko wenye biodizeli asilimia 20 ulipandisha oksidi hizo kwa asilimia 2, ukashusha masizi kwa 10, kaboni monoksidi kwa 11 na hidrokaboni zisizoungua kwa 21. Asilimia 2 tu! Hata hizo mbili, vipimo vya baadaye nchini humohumo vilitofautiana juu yake, injini nyingine zikipanda na nyingine zikishuka. Masizi, kwa upande wake, ndiyo yanayovutwa na wauza ndizi wa Kitonga semitrela inapopanda na shehena. Na tangu 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani.

Huku kwetu kuna la ziada. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15, hivyo injini kuukuu isiyo na turbo, kifaa cha kusukumia hewa ya ziada, huchoma mafuta yaleyale kwa oksijeni haba na kutoa moshi mweusi. Biodizeli huja na oksijeni yake, takribani asilimia 11 ya uzito. Haifidii upungufu wote, lakini inaipeleka pale hasa masizi yanapozaliwa.

Pingamizi zito, kwa maoni yangu, halimo kabisa kwenye bomba la moshi, bali kwenye malighafi. Biodizeli safi ya mawese, kama ya Kyela, huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16, na asubuhi za Julai Njombe na Makete ni baridi kuliko hapo. Ya alizeti huhimili zaidi, lakini nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Ningeanza na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, na katika mabasi ya mjini kabla ya malori ya Tunduma.