Reli ya Kisumu, reli ya Vancouver

Nilipokuwa mtoto Kisumu, mama alinituma mara nyingi kununua kitambaa katika duka moja la Barabara ya Oginga Odinga, ambako mwenye duka, Mhindi mzee, aliketi kando ya sanduku la pesa huku vijana wetu wakipanda ngazi kuteremsha majora. Nyumbani tulisema Wahindi ni wachoyo na hawachangamani na watu, wala sikumbuki aliyewahi kuuliza kwa nini walikuwa dukani na si shambani.

Swali hilo lilinijia Vancouver, ninakoishi sasa. Mwaka 2020, ndani ya basi, mwanamume mmoja alimfokea bibi wa Kichina aliyepakata mfuko wa mboga, akimwamuru arudi kwao na ugonjwa wake. Bibi hakujibu, alifunga fundo la mfuko, akalifungua, akalifunga tena. Nami nilinyamaza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nilipoanza kusoma historia ya huku, nilikutana na reli. Maelfu ya Wachina waliijenga reli ya kuvuka Kanada, na mwaka uleule wa 1885 ilipokamilika, serikali ikaanza kuwatoza Wachina wanaoingia nchini kodi ya kichwa ya dola 50, ambayo mwaka 1903 ilipandishwa hadi dola 500. Kwetu, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na wapatao 2,500 walikufa. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walizuiwa na Waingereza kumiliki mashamba ya nyanda za juu, wakaishia kwenye biashara. Mkulima wa Nyanza aliyeuza pamba yake kwa bei duni hakumwona gavana aliyeupanga utaratibu huo. Alimwona mwenye mizani.

Sisemi kwamba manung'uniko yetu ni ya uongo, kwa maana ujira mdogo na dharau vipo, na mwajiri anayevitenda anastahili kushtakiwa kwa jina lake. Lakini samaki mmoja akioza hatuwezi kuwahukumu watu waliozaliwa Kisumu, wanaozungumza Kijaluo, na ambao mmoja wao, Shakeel Shabbir, tulimchagua kuwa mbunge mwaka 2007.

Nilimweleza mama haya kwa simu. Aliniuliza, "Mwanangu, mbona unawatetea?" Nikamsimulia habari za yule bibi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama alifika kwake salama. Sikuweza kumjibu, kwa sababu nilishuka kabla yake.