Anayeandika maoni ya safari bure analipwa nini?

Mwaka 2015 Google ilianzisha mpango wa Local Guides kwa watu wanaoandika maoni na kupakia picha za mahali kwenye ramani yake. Siku zile za mwanzo, aliyefika daraja la nne alipewa terabaiti moja ya kuhifadhi mafaili yake bila malipo, na mwaka uliofuata wachache wakaalikwa California kukutana na wenzao wa nchi nyingine. Zawadi za namna hiyo zimepungua sana. Leo mtu hubaki na pointi na beji kando ya jina lake. Maoni yana pointi 10, yakizidi herufi 200 huongezewa 10 nyingine, na picha ni 5. Daraja la kumi, ambalo ndilo la mwisho, linataka pointi 100,000. Anayetegemea picha peke yake itambidi apakie 20,000. Na pointi hizo hazigeuki kuwa fedha.

Ndiyo maana wapo wanaosema huku ni kufanyishwa kazi bure, na hoja yao si ya kupuuza. Kampuni huuza matangazo kwenye ramani ileile ambayo watu huifungua kwa sababu ina maoni na picha za wenzao. Tawanda Kanhema, mpiga picha mzaliwa wa Zimbabwe anayeishi Marekani, alikerwa kuona nchi yake haimo kwenye Street View, zile picha za barabarani za Google. Mwaka 2018 aliazima kamera ya kampuni, akasafiri kwa gharama zake mwenyewe, akapiga picha za Harare na Maporomoko ya Victoria. Hakulipwa. Kazi yake inamfaa kila anayetaka kuiona mitaa ile, lakini inaifaa Google pia.

Tena nyota ambazo watu hutoa pamoja na maoni zina thamani ya fedha. Michael Luca, alipokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichunguza migahawa ya mji wa Seattle kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, akakuta kwamba nyota moja ya ziada huongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Penye fedha walaghai hawakosi. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi tisa mtu aliyekuwa akiwauzia wafanyabiashara maoni ya uongo ya kuweka TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri.

Lakini utafiti huohuo wa Luca una sehemu nyingine, na kwangu ndiyo yenye uzito. Ongezeko lile liliiendea migahawa inayojitegemea; ile ya makampuni yenye matawi kila mahali haikuguswa. Sababu inaeleweka: jina kubwa mgeni analijua tayari, hahitaji kuambiwa. Anayeokolewa na maoni ni mama mwenye mgahawa ambaye hana bango wala tangazo redioni.

Hapo naona ujira wa kweli wa kujitolea, na naona pia kwamba tunapeleka maoni yetu pasipoyahitaji. Hoteli za ufukweni Zanzibar zimeshaandikwa vya kutosha, kwa lugha za Ulaya zote. Nenda kwenye gesti za karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, au mitaa ya Kigoma mjini, mara nyingi utakuta maoni machache yanayosema tu "pazuri sana". Dada anayeshuka kwenye basi saa nane usiku, hana mwenyeji, afanye nini na maneno hayo? Linganisha na haya: "Chumba cha feni, choo ndani. Maji hukatika asubuhi ila ndoo imejazwa. Chandarua kizima. Geti hufungwa saa sita usiku, piga simu kabla hujafika. Bodaboda wa stendini wanapajua." Ni mistari michache tu, lakini inamsaidia kuamua alale wapi na nani wa kumpigia akiwa bado njiani.

Pointi hazitofautishi maoni hayo mawili ipasavyo. Kigezo ni urefu, kwa hiyo anayekimbilia daraja hurefusha sifa, hupakia picha za geti lilelile kutoka kila upande, huipa nyota tano sehemu aliyoipita tu akiwa dirishani. Mimi ningependa watu waandike mara chache zaidi, waandike walichokitumia, na waandike kwa Kiswahili, kwa sababu msafiri wa Tabora kwenda Mpanda ndiye aliyeachwa nyuma katika mambo haya.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana: anayeumizwa na maoni makali. Mgeni akikosa maji huandika kwa hasira, hutaja jina la binti wa mapokezi, na yule binti anaweza kupoteza kibarua kwa bomba lililokauka mtaa mzima. Kukosoa ni haki ya mgeni aliyelipa, lakini kasoro ya nyumba iandikwe kama kasoro ya nyumba, tarehe iwekwe, jina la mfanyakazi liachwe. Na asubuhi, unaporudisha ufunguo, mwambie mwenye gesti ana kwa ana kabla hujaandika. Huenda hajui hata kwamba gesti yake imo kwenye ramani, wala kwamba ana nafasi ya kujibu.